Mitambo mitatu ya fiber isiyoelewana ilivyonikosesha ubatizo wa mwanangu, na programu ya bure iliyoniponza kabla ya kunisaidia

Wakuu, heshima kwenu wote.

Miaka mingi nasoma tu nyuzi zenu humu na kupita kimya kimya. Leo nimeona niweke na ya kwangu, maana nimechoka kuisimulia kwa watu wasiojua hata router ni nini. Nitaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe nilifanya ujinga.

Majina ya kampuni sitaji. Kazi bado naihitaji.

Mimi ni fundi wa network kwenye kampuni ndogo ya internet hapa Karatu. Tunasambaza fiber mjini, tuna lodge kadhaa za njia ya kuelekea geti la Ngorongoro, na tuna kituo kidogo kule Wasso kwa ajili ya maofisi na zahanati moja ya binafsi.

Kwa asiyejua haya mambo: fiber inaanzia kwenye mtambo mkubwa kituoni. Kila mteja ana kisanduku chake ukutani, kile chenye vitaa. Mtambo lazima ukitambue kile kisanduku ndipo mteja apate net. Usipokitambua, vitaa vinawaka vyekundu na mteja anapiga simu kukutukana.

Hiyo ndiyo elimu yote mnayohitaji ili muelewe hasira zangu.

Sasa bosi wetu (ni mtu wa Rombo, sote tunamwita Mangi) alinunua mitambo mitatu kwa nyakati tofauti, kutoka kwa watengenezaji watatu tofauti. Kila mara alipata "ofa". Nitaiita kwa rangi zake. Bluu ulihudumia Karatu mjini. Mweupe ulihudumia lodge. Mwekundu ulikuwa Wasso.

Kila mtambo una programu yake ya kuusimamia, na hakuna unaotaka kumjua mwenzake.

Programu ya Bluu inakubali Windows ya kizamani tu. Kwa hiyo tuna laptop moja iliyokufa betri, haichomolewi kwenye umeme, imebandikwa karatasi USIGUSE. Ya Mweupe inafunguka kwenye browser, ila nusu ya menyu iko kwa lugha nisiyoijua. Nilikariri mahali pa kubofya, kama mtu anayesali Kilatini.

Ya Mwekundu ndiyo ilikuwa balaa. Password ya kuingia kwa mbali alikuwa nayo mtu mmoja tu: Injinia, mkandarasi wa Arusha aliyeufunga. Hakumpa Mangi, hakunipa mimi. Ukitaka chochote unampigia yeye. Asipopokea, njia iliyobaki ni kwenda Wasso mwenyewe na kuchomeka waya nyuma ya mtambo.

Kwenda Wasso wakuu. Kuchomeka waya.

Kutoka Karatu nashuka Mto wa Mbu, nasubiri basi linalotoka Arusha, halafu Engaruka, Ngare Sero, Sale, vumbi mpaka kwenye meno. Siku nzima imeisha. Kuna wakati nilikwenda mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na hakuna mara hata moja niliyofanya kazi ya zaidi ya dakika kumi.

Sasa niwaambie ya ubatizo.

Mwanangu wa kwanza, Danieli, alipangiwa kubatizwa Jumapili kwenye kigango chetu kule Daa, nyumbani. Mama yangu alishachinja. Wakwe walishafika toka Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikiwa navaa viatu niondoke mjini kwenda Daa, simu ikaita. Mangi.

"Uko wapi?"

"Naelekea nyumbani bosi. Nilikuomba ruhusa ya ubatizo."

"Zahanati ya Wasso haina net. Kisanduku chao kiliungua na radi, wamefunga kile cha akiba ulichowaachia, mtambo unakikataa. Daktari amenipigia mara nne."

Kile cha akiba kilikuwa cha kampuni ya Bluu, wakuu. Vya Mwekundu vilikuwa vimeisha. Niliwaachia hicho nikijua kabisa kuna siku kitaleta shida.

"Injinia je?"

"Hapokei."

Nikampigia mwenyewe. Ikaita mpaka ikakata. Mara saba.

Nikampigia daktari nikiwa na matumaini ya kumwomba avumilie mpaka Jumatatu. Akaniambia kwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio ulioniua: "Kaka, nina mama hapa ametoka Oloipiri, ana ujauzito mkubwa na anavuja damu. Picha za ultrasound huwa nazituma kwa bingwa Arusha anisaidie kuzisoma. Naomba ufanye unavyoweza."

Ungekuwa wewe ungesemaje?

Mke wangu Paskalina alikuwa tayari Daa na mtoto. Nilipomwambia akasema, "Sawa. Mimi nitawaambia wazee nini?"

Nikapanda basi.

Nilifika jua linazama. Mlinzi wa zahanati, mzee mmoja wa Kimaasai anaitwa Saitoti, akanifungulia chumba cha mtambo. Nikachomeka waya, nikaandika mistari minne. Minne tu. Kisanduku kikatambulika, vitaa vikageuka kijani.

Saitoti alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake anaangalia.

"Ero, kijana, umemaliza?"

"Nimemaliza mzee."

"Umetoka Karatu kuja kubofya hapo tu?"

"Hapo tu."

Akatikisa kichwa. "Na yule mama wameshamwondoa toka saa nane. Waliogopa kusubiri, wakampeleka hospitali kwa gari."

Nilikaa chini kwenye sakafu ile. Yule mama alijifungua salama, Mungu ni mwema, daktari aliniambia kesho yake. Lakini mmeona? Safari yangu haikumsaidia mgonjwa, na Jumapili saa nne, wakati kaka yangu mkubwa amesimama kanisani mahali pangu, mimi nilikuwa stendi ya Wasso natafuta usafiri wa kurudi.

Picha ninazo kwenye simu. Mama mkwe aliniuliza mbele ya watu, "Hiyo kazi yako, ni ya serikali?" Nikasema hapana. Akasema, "Ehee."

Ile "ehee" bado inanitafuna.

Jumatatu niliingia ofisini nimevimba. Tunaye dada wa huduma kwa wateja, Neema, ndiye anayepokea matusi yote kabla hayajafika kwangu. Nikammwagia yote. Akanisikiliza, akauliza swali ambalo mimi fundi sikuwahi kujiuliza sawasawa:

"Kwani hakuna programu moja inayoongea na mitambo yote mitatu?"

Nikaanza kutafuta. Kumbe ipo wakuu, tena ni open source. Watu wa nchi mbalimbali wameiandika pamoja, unaipakua bure, unaweza kufungua ndani ukaona ilivyotengenezwa na ukaibadilisha. Wazo lake ni rahisi: kati yake na kila aina ya mtambo kunakaa kipande kidogo cha kutafsiri. Wewe unatoa amri moja, kipande kinaigeuza iwe lugha ya mtambo husika. Kama yule mama wa mnadani anayekuuzia kwa Kiswahili, anageuka anamjibu mteja mwingine kwa Kiiraqw, na mwingine kwa Kimaasai, mzigo ni ule ule.

Nilifurahi kama mjinga.

Sikujua kwamba maelezo ya kuifunga yameandikwa na watu wanaodhani msomaji ameshaifunga. Unasoma "hakikisha umekamilisha hatua iliyotangulia", unarudi nyuma, hatua iliyotangulia haipo. Unauliza kwenye kundi lao, mtu anakujibu kwamba swali lako lilishajibiwa. Wapi? Kimya.

Nilichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo, nikaweka Linux, nikawa naifanyia kazi kila nikimaliza wateja. Mweupe ukakubali ndani ya siku tatu. Siwezi kueleza raha niliyopata kuona lodge zote kwenye skrini moja, kwa lugha ninayoisoma.

Bluu ulichukua wiki kadhaa. Kipande chake cha kutafsiri kilikuwa kimeandikwa kwa toleo jipya, la kwetu ni la zamani. Ilibidi nijifunze kusoma code za watu na kurekebisha mwenyewe, mstari kwa mstari. Mangi akipita ananiuliza, "Bado unachezea hiyo michezo yako?" Injinia naye alishamwambia kwamba vitu vya bure vinakuja na virusi.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Bluu ukakubali. Ukaonekana kwenye skrini. Chini kulikuwa na kitufe cha kusawazisha taarifa. Nikaelewa kwamba programu itachukua orodha ya wateja kutoka kwenye mtambo.

Nikabofya.

Ilikuwa kinyume wakuu. Programu iliamini orodha yake yenyewe ndiyo ya kweli. Na orodha yake ilikuwa tupu. Kwa hiyo ikaufanya mtambo ufanane nayo.

Ilifuta Karatu mjini yote.

Nilisikia simu ya Neema. Kisha ya pili. Kisha zote mbili kwa pamoja. Kisha yangu. Neema akaniangalia toka kaunta, mkono ameziba simu, akauliza kwa midomo tu bila sauti: "Umefanya nini?"

Niliwahi kugongwa na bodaboda pale njia ya Rhotia, sikuogopa vile.

Mangi alifika ndani ya robo saa. Nilimwambia ukweli wote, maana kudanganya ningedanganya nini? Akasema, "Nani alikutuma?"

"Hakuna bosi."

"Kaa pale. Usiguse kitu."

Siku hiyo Injinia, ambaye na Bluu aliufunga yeye, alipokea simu mlio wa kwanza. Saa saba alikuwa ameshafika toka Arusha, na miwani ya jua kichwani. Akachomoa flash yenye backup, yaani nakala ya orodha ya wateja, akanitazama kwa huruma ya kuigiza. Akaifungua.

Backup ilikuwa ya zamani mno. Kulikuwa na wateja waliokwishahama, na mmoja ambaye tulishamzika. Zaidi ya nusu ya wateja wa sasa hawamo.

Shida ni hii: visanduku vya wateja vyote vilikuwa hewani, vinabisha hodi kwenye mtambo. Lakini kila kimoja kinajitambulisha kwa namba ndefu tu. Kipi ni cha nani na kimelipiwa kifurushi gani, hakuna aliyejua.

Hapo Neema akasema, "Mimi ninazo."

Akatoa chini ya kaunta counter book mbili. Toka alipoajiriwa, kila fundi akirudi kufunga mteja, yeye alikuwa anaandika namba ya kisanduku, kifurushi, na mahali. Hakuna aliyemwagiza. Alisema alichoka kuwauliza wateja namba hizo kwenye simu huku wanamfokea. Ameandika vitu kama "Baba Hhawu, bati la bluu nyuma ya kanisa, mbwa mkali."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya Mangi.

Injinia akaanza kuingiza mmoja mmoja kwa ile laptop ya USIGUSE. Fungua dirisha, andika, hifadhi, subiri, funga. Saa tisa alikuwa hajamaliza kurasa mbili, na shati lilikuwa limelowa.

Nikamfuata Mangi nje. "Bosi, naomba niseme nawe dakika moja. Neema ananisomea, mimi naandika kwenye jedwali, tukimaliza ile programu inaingiza wote kwa mpigo mmoja. Orodha ikiwa imejaa, kile kitufe hakifuti, kinarudisha. Nimeshakielewa sasa."

"Hata asubuhi ulidhani umekielewa."

Alikuwa na haki.

Akaangalia mlangoni, akamwona Injinia anasubiri dirisha lifunguke. Akashusha pumzi. "Anza na kumi. Ukikosea hao kumi, chukua begi lako uende nyumbani."

Tukaanza na kumi. Neema anasoma, mimi naandika, tunarudia kila namba mara mbili. Nikabofya kitufe kile kile. Tukasubiri. Neema akampigia wa kwanza.

"Shikamoo mama, naomba uangalie vitaa... Ni vya kijani? Vyote? Ahsante mama, samahani sana kwa usumbufu."

Kumi wote wakarudi. Mangi akavuta kiti akakaa nyuma yetu. Saa kumi na mbili na nusu jioni mji wote ulikuwa hewani. Injinia alishaondoka, sikumwona akiaga.

Mangi akasimama, akasema, "Kwa hiyo kitu chako kimeua, halafu kikafufua." Akaenda kwenye gari. Kesho yake hakunifukuza, wala hakuniita tena mchezaji. Ila alimwambia Neema mbele yetu wote kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye msimamizi wa orodha ya wateja, na mimi siruhusiwi kubofya chochote kikubwa bila yeye kuwa amekaa pembeni. Nilikubali. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya.

Mnadhani hapo mambo yaliisha? Bado kulikuwa na Mwekundu.

Mwekundu haukuwa na kipande cha kutafsiri popote duniani. Watengenezaji wake hawakuwahi kuweka wazi lugha yake. Nikawaandikia barua pepe. Wakanijibu kwa heshima niwasiliane na wakala wao aliyeidhinishwa katika eneo langu.

Wakala aliyeidhinishwa katika eneo langu, wakuu, alikuwa Injinia.

Nilicheka peke yangu mpaka Neema akaja kuangalia kama niko mzima.

Nilijaribu kila njia kwa mwezi mzima. Nilishindwa. Lazima niseme hivyo waziwazi, maana humu watu huwa wanasimulia ushindi tu. Mwekundu ulinishinda.

Mwishowe nikafanya kitu ambacho hakina hata teknolojia ndani yake. Nilimwambia Mangi: kama Mwekundu hautaki kuongea kwa mbali, tuulete karibu. Tuuhamishie kwenye lodge, mahali ninapofika kwa pikipiki dakika kumi. Na Mweupe, unaosikia amri nikiwa mezani kwangu, ndio uende Wasso.

Mangi akafikiri. "Mbona hukusema mapema?"

Nisingeweza kumjibu bila kutumia lugha mbaya.

Nyumbani Paskalina akaniona napanga begi. "Wasso tena?"

"Mara ya mwisho."

"Umesema hivyo mara ngapi?"

"Safari hii nabeba mtambo wenyewe."

Akanitazama, akaona ni kweli, akanifungia chapati. Nikaupakata Mweupe kwenye basi mpaka Wasso, nimeufunika shuka la mtoto kwa ajili ya vumbi. Saitoti akanisaidia kushusha. Nililala siku mbili, nikabadilisha visanduku vyote, nikarudi na Mwekundu, nikaufunga lodge.

Tokea hapo sijaenda tena. Ofisi za kule wakibadilisha kisanduku, kiwe cha Bluu au cha Mweupe, Neema anachukua namba, mimi naandika, wanapata net. Daktari wa zahanati huwa hajui hata kama kulikuwa na tatizo.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike uzi huu, kwa sababu sijui kama nilikosea.

Yale marekebisho niliyofanya ili Bluu za zamani zikubali, nilitaka kuyarudisha kwa wale waandishi wa programu, ili mwingine asiteseke kama mimi. Nikamweleza Mangi. Akakataa.

"Umeandika ofisini kwangu, kwa muda wangu. Washindani wetu wakiichukua je?"

"Wataichukua bosi. Lakini na sisi tumechukua ya watu ambao hata hawatujui. Hakuna aliyetuuliza sisi ni kina nani."

Akasema atafikiria. Nikasubiri wiki mbili. Nikamkumbusha, akasema ana wageni wa lodge, tutaongea. Tusingeongea, namjua.

Nikayatuma.

Siku chache baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa fundi mmoja wa nchi nyingine, mji wa milimani, Kiingereza chake kibovu kama changu. Ana Bluu ya zamani iliyofungwa shule moja ya mbali. Ameandika kwamba imekubali, na kwamba mizigo aliyokuwa amefunga kwa safari ya asubuhi ameifungua.

Nikampelekea Mangi simu asome. Alisoma, akanirudishia, akasema, "Basi mwambie karibu Karatu." Sijui kama ni ruhusa au ni onyo.

Nilichojifunza ni haya, mnaonunua mitambo mnisikie: usinunue chombo ambacho lazima umuombe mtu ruhusa ya kuongea nacho, hata kiwe na ofa gani. Programu ya bure nayo si ya mteremko, itakulipisha jasho na aibu, na usibofye kitu usichokielewa saa nne asubuhi wateja wako kazini. Na kama ofisini kwenu kuna mtu anaandika vitu kwenye daftari bila kuagizwa, mheshimuni.

Sasa wakuu nipeni maoni. Ningesubiri ruhusa ya bosi, au nilifanya sawa kutuma? Mawakili wa humu mje pia, sitaki kubembelezwa. Na kama yupo yeyote ameshawahi kuufanya Mwekundu uongee, kwa njia yoyote ile, namuomba sana aje hapa chini. Lodge wameshanipigia mara mbili wakati naandika huu uzi, nawasha pikipiki.